Sidi Mubarak Bombay, Mwana wa Njia



Wenzetu wanaotoka Dar es Salaam kuja kusoma huku Kampala wanaijua safari ya basi la Mutukula. Unapanda alfajiri, unaipita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, unalala ukiwa umekaa, miguu inavimba, na ukishafika hosteli unalalamika wiki nzima. Nami nimo katika walalamikaji hao. Lakini tangu nilipoanza kusoma habari za mtu ninayetaka kuwasimulia leo, tukikaribia Dodoma huwa naiweka simu mfukoni na kutazama nje ya dirisha. Nchi inakuwa kavu, miti inapungua kimo, miiba inazidi. Kusini kidogo ya barabara ya lami, ukitoka upande wa Mpwapwa kuingia Ugogo, kuna uwanda ambao watu wa misafara waliuita Marenga Mkali. Marenga ni maji kwa lugha za huko, na ukali wake ni wa chumvichumvi na uchungu, pale maji yalipopatikana. Kwingine hayakuwepo kabisa.

Basi hulipita eneo hilo abiria wengine wakiwa bado wamesinzia. Yeye aliuvuka uwanda huo kwa miguu katika safari nne za kwenda bara, na kila mara alijua kwamba maji atakayokunywa kesho yake ni yale tu aliyoyabeba kwenye kibuyu.

Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Shuleni tulifundishwa majina ya wageni aliowaongoza: Burton, Speke, Stanley, Cameron. Tuliyaandika kwenye mitihani pamoja na miaka yao, tukapata maksi. Aliyekuwa na hao wote, kwa zamu, akilala nao msituni na kuwasemea mbele ya machifu, hakuulizwa katika mtihani hata mmoja niliofanya.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa mpaka wa Tanzania na Msumbiji za leo. Mama yake alifariki yeye angali mdogo sana. Alipofika umri wa miaka kama 12, kundi la wafanyabiashara Waswahili, wenye panga na bunduki, lilikizingira kijiji chao ghafla. Walisema wamekuja kudai deni. Miaka ya nyuma, wakati wa njaa, wanakijiji walikuwa wamechukua nguo na shanga kwa mkopo, na sasa waliambiwa walipe papo hapo au wapambane. Hawakuwa na cha kulipa. Watu walikimbia, wengine walikamatwa, na mtoto yule hakumwona tena baba yake. Alipelekwa Kilwa, kisha Zanzibar sokoni, akanunuliwa na kuvushwa bahari hadi Bara Hindi.

Hapa naomba tusimame kidogo. Katika makala zetu nyingi, na katika mihadhara tunayoandaa chuoni, tunapenda kueleza jinsi Uislamu ulivyoingia bara kwa miguu ya wafanyabiashara. Tunamtaja Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda mwaka 1844, akathubutu kumwambia Kabaka Suuna wa Pili kwamba watu anaowachinja wana Mola aliyewaumba. Ni kweli, na ni haki yetu kujivunia ujasiri ule. Lakini biashara ya siku zile ilikuwa na mkono wa pili. Wafanyabiashara waliosali swala tano wamo pia miongoni mwa waliozingira vijiji. Mimi nimeshawahi kusikia kaka mmoja akisema kwenye mjadala kwamba habari za utumwa wa pwani zimetungwa na wamisionari ili kutuchafua. Bombay hakuwa mmisionari. Alikuwa Mwislamu, na alisimulia yaliyompata yeye mwenyewe.

Huko India alimtumikia bwana wake kwa miaka mingi, na bwana huyo alipofariki akawa huru. Wanaosoma fiqhi wanajua kwamba kumwacha mtumwa huru ni miongoni mwa ibada kubwa, na Surat al-Balad inakuita kufanya hivyo ni kupanda mlima mgumu. Alirudi Zanzibar akiwa mtu mzima, na lugha ya Kihindustani mdomoni, na majina matatu. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika kule India. Mubarak ni jina la baraka alilolipata katika Uislamu. Bombay ni mji. Katika majina hayo yote hakuna hata moja alilopewa na baba yake.

Aliingia katika jeshi la Sultani wa Zanzibar, akapangiwa ngome ya Chogwe, ng'ambo ya Pangani, penye askari Wabaluchi. Hapo ndipo Richard Burton na John Speke walipomkuta mapema mwaka 1857, walipokuwa wakifanya safari fupi ya majaribio kuelekea Usambara. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, ila alikuwa ofisa wa jeshi la India na alizungumza Kihindustani. Ghafla akakutana na askari Mwafrika anayekizungumza. Ndugu zangu wa kitivo cha lugha, mnaotaniwa kila siku kwamba mtakula nini, someni hapo vizuri. Lugha aliyojifunza mtu akiwa mtumwa ndiyo iliyomfungulia kazi ya maisha yake.

Mwezi Juni mwaka ule msafara uliondoka pwani, kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo. Walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134. Njia yenyewe haikuwa ya Burton wala ya Waarabu. Wanyamwezi walikuwa wakiipita na pembe za ndovu kwenda pwani kabla ya hapo, na mbele ya Tabora kuna chemchemi za Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000 na kuisambaza nchi za jirani. Ilikuwa njia ya mguu mmoja mbele ya mwingine, nyembamba kiasi kwamba watu 100 walitembea kama siafu, na wa nyuma hakumwona wa mbele.

Nataka tuutembee mwendo wa siku moja tu wa njia hiyo, ili tumfahamu mtu huyu kwa kazi yake. Tuchague Marenga Mkali, mwezi Mei 1871, Bombay akiwa na umri wa miaka kama 50 na mkuu wa askari wa Henry Morton Stanley.

Msafara umelala Chunyo, kijiji cha mwisho kabla ya uwanda. Maji ya Chunyo ni mabaya. Binadamu anaweza kuyavumilia, ila punda kadhaa wa Stanley waliyanywa wakafa. Misafara mingine imengoja hapo ili waingie Ugogo kwa pamoja, maana Ugogo ni nchi ya watu wenye nguvu, na msafara mdogo hutozwa hongo kubwa. Masheikh wa Kiarabu, Thani na Hamed, wamejiunga na watu wao. Sasa ni kundi la watu wapatao 400.

Siku za kawaida msafara huamka majogoo ya kwanza yakiwika. Moto huchochewa, wapagazi hung'ang'ania kuota wakilalamikia baridi, mkuu wa msafara hupita kibanda hadi kibanda akiwahimiza. Mwendo huanza kabla ya jua kutoka, na kufikia saa tano asubuhi, jua linapoanza kuchoma, mizigo hutuliwa. Kwa Marenga Mkali utaratibu huo haufai. Ni zaidi ya maili 30, karibu kilomita 50, bila maji ya kutegemea. Kwa hiyo hufanywa telekeza: watu hupika na kula asubuhi, hujaza vibuyu, kisha huondoka adhuhuri, jua likiwa utosini, watembee mpaka usiku, walale bila maji, waamke tena gizani na kumalizia asubuhi.

Kirangozi anatangulia. Ni mtu wa kuchaguliwa kwa ujuzi wa njia, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Nyuma yake bendera, kisha ngoma, kisha wapagazi. Mzigo wa nguo, robota lililokazwa kwa kamba na vijiti mpaka likawa gumu kama gogo, ni kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu yake mpagazi huongeza vitu vyake: mkeka, chungu, posho ya unga, kibuyu. Ndani ya robota kuna merikani iliyofumwa viwandani Marekani, au kaniki ya buluu kutoka India. Wengine wamebeba shanga kwenye mifuko mirefu, wengine waya wa shaba uliosukwa mikungu miwili kwenye mti wa begani. Hiyo ndiyo pesa ya njiani. Nguo hununua mtama, shanga hununua kuku, waya hununua ruhusa ya kupita. Wengi wa wapagazi ni Wanyamwezi waliokuja kwa ujira wao, mafundi wa kazi hii tangu ujana. Wengine ni watumwa, na ujira wao wanausubiri mabwana zao Zanzibar.

Bombay hana mzigo kichwani, lakini mizigo yote ni yake. Yeye hutembea nyuma, mahali pa vumbi, kwa sababu nyuma ndiko mambo yanakoharibikia. Anayetua mzigo kwa kisingizio cha mwiba, ni wake. Anayetaka kutoroka na robota gizani, ni wake. Mwenye ndui asiyeweza tena kwenda, ni wake, na hilo ni zito kuliko yote, kwa sababu njia ile ilijaa mifupa ya watu walioachwa. Msafara hauwezi kusimama katikati ya Marenga Mkali kumngoja mtu mmoja. Wakisimama wote watakufa kwa kiu.

Alasiri jua linawapiga usoni, kwa kuwa wanaelekea magharibi. Nyimbo zilizoanza kwa nguvu adhuhuri zinapungua moja moja. Vibuyu vya wasio na subira vinakauka kabla ya magharibi, na hapo ndipo ugomvi huanza: mwenye maji anafuatwa na macho ya wenzake. Usiku unapoingia wanatembea kwa sauti tu, kila mmoja akifuata kikohozi cha aliye mbele, miiba ikiwachana mapaja. Kisha amri inatolewa, mizigo inatuliwa popote, na watu wanaanguka chini. Hakuna kupika, maana ugali haupikwi bila maji. Kwa Waislamu waliokuwa kwenye msafara, hapo ndipo mahali ambapo sheria ya tayamamu na ya kupunguza swala, tunayoisoma darasani kama suala la kujibu, ilikuwa na maana yake kamili. Mchanga upo mwingi, maji hakuna, na uchovu si wa kusimulia.

Kabla ya alfajiri wanaondoka tena. Jua likishapanda wanaanza kuona mashamba ya mtama na mibuyu, kisha watu wanatoka mbio kuwatazama. Wako Ugogo. Kuna maji, na maji yana mwenyewe, na mwenyewe anataka hongo. Wapagazi wanajitupa chini. Kwa Bombay kazi ndiyo inaanza, ya kwenda kuzungumza na chifu: nguo ngapi, za rangi gani, na kwa nini msafara uliopita ulitoa zaidi. Mazungumzo hayo huchukua siku nzima, wakati mwingine siku mbili, na mtu asiye na subira huishia kulipa mara mbili.

Ukiniuliza nini kilichomfanya mtu huyu awe wa lazima kwa kila mgeni aliyetaka kwenda bara, nitakuambia ni hilo. Dira waliyo nayo wageni ilionyesha kaskazini. Haikuonyesha ni kisima kipi kimekauka mwaka huu, wala ni chifu yupi amefiwa, wala ni mpagazi yupi anadanganya kuhusu mguu wake.

Tena Bombay alijua jambo lingine ambalo wenzake wa Kizungu walilijua kwa kuliangalia tu. Njia hiyohiyo ilitumika kuwashusha watu pwani. Katika safari ya 1871 Stanley aliandika habari za kukutana na kundi la watumwa waliofungwa minyororo wakipelekwa Zanzibar. Kwa Stanley ilikuwa ukurasa wa kitabu. Pembeni yake alisimama mtu ambaye miaka 40 kabla alikuwa mtoto katika kundi kama hilo.

Turudi nyuma. Katika safari ya kwanza, Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, Burton hawezi kutembea, Speke karibu haoni kwa ugonjwa wa macho. Waliporudi Tabora, Burton alibaki kupumzika na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858 waliliona ziwa kubwa, upande wa Mwanza. Kila alichoelezwa Speke na wenyeji kuhusu ukubwa wa Nyanza na mto unaotoka kaskazini mwake kilipita kwanza kwenye ulimi wa Bombay. Ubishi mkubwa uliozuka Uingereza kuhusu chanzo cha Mto Naili, uliowafanya marafiki wawili kuwa maadui, ulisimama juu ya tafsiri za mtu ambaye hakuna aliyemwalika kwenye ubishi huo.

Safari ya pili, iliyoanza 1860, ndiyo iliyomleta kwetu. Walipita Karagwe kwa Mfalme Rumanika, wakaingia Buganda, na Februari 1862 wakafika kwa Kabaka Mutesa, ambaye ikulu yake wakati ule ilikuwa Banda. Wanafunzi wa Kyambogo, ni hapo hapo jirani yenu. Kwenye baraza la Kabaka maneno yalisafiri hivi: Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, mkalimani aliyeitwa Nasib akageuza kwa Luganda, na mkuu wa baraza akamfikishia Kabaka. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Kiswahili kilikaa katikati ya baraza la Buganda, nacho kilisemwa na Mwislamu mwenye asili ya Kiyao. Miaka michache baadaye Mutesa mwenyewe aliingia kufunga Ramadhani na kuamuru nchi ifunge. Walimu wake katika dini walikuwa wengine, lakini lugha walimofundishia mara nyingi ilikuwa hiyo hiyo.

Julai mwaka ule walifika mtoni, mahali palipoitwa Urondogani, kaskazini mwa Jinja ya leo. Speke alijawa na furaha. Aliwaambia watu wake kwamba wangepaswa kunyoa vichwa na kuoga katika mto huu mtukufu, mto wa Nabii Musa, ambao maji yake watu huyabeba kutoka Misri mpaka Makka. Bombay alimjibu kwa utulivu kwamba wao hawatazami mambo hayo kwa namna ya ndoto kama yeye. Wao huridhika na mambo ya kawaida ya maisha. Yakienda vizuri ni matakwa ya Mungu, na yasipoenda vizuri ni matakwa ya Mungu vilevile. Speke aliyaandika hayo kama jibu la mtu asiye na mawazo ya juu. Mimi kila nikiyasoma naona mtu mmoja amesafiri miaka miwili kutafuta kitu, na mwingine aliyepoteza baba, kijiji na jina, naye amesimama ukingoni mwa maji yaleyale bila kutetereka. Sijui ninyi mngesema nani kati yao alikuwa na mawazo ya juu. Siku chache baadaye, tarehe 28 Julai, Speke alifika kwenye maporomoko ya Jinja na kuyapa jina la Mwingereza.

Si kwamba nataka kumfanya walii. Vitabu vya waliomwajiri vinasema alipenda pombe, kwamba aliwahi kugombana vibaya na mwenzake Baraka, kwamba alisahau vitu na kuvunja vitu. Vinasema pia kwamba alikuwa mwaminifu wa mali, mkarimu kuliko uwezo wake, na mchapakazi; Burton, ambaye sifa hakuzigawa ovyo, alimsifu kuliko watu wote wa msafara wake. Tukisoma lawama tukumbuke ni nani aliyeshika kalamu. Mwaka huohuo wa 1862, hapa hapa Uganda, Speke na Bombay walitofautiana kuhusu kung'oa hema, na Speke akampiga ngumi za uso mbele ya watu. Miaka tisa baadaye Stanley alipokutana naye Zanzibar aliliona pengo la meno ya mbele, akaeleza lilitoka wapi, na akaonyesha kuamini kwamba adhabu ile ilistahili. Bombay hakumwacha Speke njiani. Alikwenda naye hadi Gondokoro, na kutoka hapo kwa mto mpaka Cairo, ambako yeye na wenzake waliosalia walipigwa picha mwaka 1863. Kutoka hapo walirudishwa Zanzibar kwa meli.

Safari ya Stanley ya 1871 hadi 1872 inajulikana, nami sitaikalia. Kila mtu ameshaisikia habari ya Livingstone pale Ujiji.

Safari ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayotajwa kidogo. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron, kijana wa jeshi la majini. Alivuka Marenga Mkali tena. Wakiwa njiani, tarehe 5 Juni mwaka ule, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, soko lile alilouzwa Bombay utotoni. Habari hizo zilimfuata nyuma, mwendo wa miguu. Tabora walikutana na msafara wa Susi na Chuma uliokuwa ukirudisha maiti ya Livingstone pwani. Wengine wangegeuka hapo, kwa kuwa aliyekuwa akitafutwa ameshakufa, lakini Cameron aliendelea: Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, Nyangwe katika Kongo ya leo ambako walikutana na Tippu Tip, kisha nchi ya Waluba, na mbele zaidi. Cameron alimlalamikia kwa uvivu. Bombay alikuwa na miaka 53 walipoanza, na 55 walipoiona Bahari ya Atlantiki, Novemba 1875, pwani ya Angola. Kijana wa Kiyao aliyevushwa Bahari ya Hindi kama mali alikuwa ameivuka Afrika nzima kwa miguu yake. Walirudishwa Zanzibar kwa meli kupitia kusini.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku medali ya fedha, na mwaka 1876 kikampa pensheni ya maisha. Wanaojaribu kuhesabu mwendo wake wote hukisia zaidi ya kilomita 9,000. Qur'ani imemtengea fungu la zaka mtu aitwaye ibn sabil, mwana wa njia, yule ambaye safari imemtenga na mali yake na watu wake. Simjui mtu mwingine wa nchi zetu anayelistahili jina hilo kuliko yeye.

Alifariki Oktoba 1885. Februari ya mwaka huohuo, huko Berlin, Kaizari wa Ujerumani alikuwa ametoa hati ya kuiweka Usagara na nchi za jirani chini ya kampuni ya Kijerumani. Agosti manowari zao zilitia nanga mbele ya Zanzibar mpaka Sultani Barghash akakubali. Ramani walizozitegemea zilikuwa zile za Burton, Speke na Stanley, na katika ramani hizo, kati ya Usagara na Ugogo, limeandikwa jina la Marenga Mkali.